Ubeti wa flamenko haukamiliki mpaka uvunjwe

Mwalimu aliyenifundisha ushairi alituhesabisha mizani kwa vidole. Unaanza na gumba, unamaliza mkono wa kwanza, unahamia wa pili, na vidole viwili vikibaki juu ujue mshororo umetimia nane. Ujuzi huo nimeutumia miaka yote, kwa tenzi na kwa mashairi ya magazetini, na haukuwahi kunitupa. Ulinitupa siku niliyoupeleka kwenye soleá, aina moja ya nyimbo za flamenko, muziki wa Andalusia, kusini mwa Uhispania.

Nilikuwa namsikiliza Fernanda de Utrera (1923–2006), mwanamke ambaye wapenzi wengi wa flamenko wanamhesabu malkia wa soleá katika karne ya 20. Mbele yangu nilikuwa nimeweka maneno yaliyoandikwa: mishororo mitatu, silabi nane kila mmoja. Ukiisoma kwa sauti ya kawaida, sekunde nane zinatosha. Fernanda aliikalia karibu dakika nzima. Silabi moja aliivuta mpaka vidole vyangu vikakosa kazi, akaikata katikati ya neno, akavuta pumzi, akarudi mwanzo wa mshororo kama mtu ambaye hajasema kitu bado, kisha akatia "ay" mahali ambapo karatasi haikuwa na "ay" yoyote. Alipomaliza nilikuwa nimepoteza hesabu mara tatu, na nywele za mikono zimenisimama.

Tangu siku hiyo nina hoja moja, nayo ndiyo ninayoitetea hapa: ubeti wa flamenko ulioandikwa ni nusu ya ubeti. Nusu ya pili ni namna unavyovunjwa. Anayeupima kwa karatasi peke yake, ausifu au audharau, anaamua kesi baada ya kusikiliza upande mmoja.

Hata hivyo tuanze na karatasi. Maneno yanayoimbwa katika flamenko huitwa letra, na ubeti mmoja wa maneno hayo huitwa kopla. Kopla ni kitu kidogo mno: mishororo mitatu, minne au mitano, basi. Mshororo wa kawaida una silabi nane, na hapa aliyelelewa na tenzi yuko kwake, kwa sababu nane ndiyo mizani ya utenzi na ndiyo nusu ya mshororo wa shairi letu la mizani 16. Kopla ya soleá yenye mishororo mitatu tungeiita tathlitha. Ile ya minne, inayoimbwa kwenye soleá, alegrías, tangos na nyimbo za wahunzi ziitwazo martinete, ni tarbia. Ya fandango, yenye mitano, ni takhmisa. Majina yetu yanaingia bila kulazimishwa.

Ili tuwe na kitu mkononi, nimetunga kopla moja ya soleá kwa Kiswahili:

Mlango sikuufunga,
taa yangu imezima;
ni upepo umekuja.

Nane mara tatu. Aliyeacha mlango wazi alikuwa anamngoja nani, hatuambiwi. Kwamba aliyengojwa hakufika, tunajulishwa na upepo. Kopla nyingi nzuri za Andalusia hufanya kazi kwa namna hii. Hazina wakati wa kueleza. Zinakuonyesha chumba kimoja, kwa muda wa kufumba na kufumbua, na mengine unabaki nayo wewe. Mshairi wa Uhispania Federico García Lorca, akihutubia Granada mwezi Februari 1922, alistaajabia jambo hilohilo: jinsi mtu wa kawaida asiyejulikana jina alivyoweza kubana msiba wa maisha mazima ndani ya mishororo mitatu au minne.

Najua mshairi wa kwetu ameshakunja uso. Atasema "funga" na "kuja" si vina. Kwa kanuni zetu ni kweli, nga na ja haziko pamoja, na mtunzi wa hivyo angeambiwa ametoa guni. Lakini kina cha kopla hukaa kwenye irabu tupu, kuanzia ile yenye mkazo. "Funga" ina u kisha a, "kuja" ina u kisha a, inatosha. Katika Kihispania, pena, yaani huzuni, na tierra, yaani ardhi, hukubaliana vivyo hivyo kwa e na a. Katika kopla ya mishororo mitatu, wa kwanza na wa tatu ndio wenye kina, wa kati umeachwa huru. Katika ile ya minne, kina kiko kwenye wa pili na wa nne.

Kwa muda mrefu niliona huo ni ulegevu. Nimebadili mawazo, na kilichonibadilisha ni koo la mwimbaji. Huwezi kuivuta k wala j kwa mapigo sita. Kinachovutika ni irabu. Mwimbaji wa soleá akifika mwisho wa mshororo huichukua irabu ile akaipandisha, akaikunja mara nne au tano, akaishusha polepole, na wakati anaiachia msikilizaji ameshaisahau konsonanti iliyoitangulia. Sikio limebaki na a peke yake. Kina cha silabi nzima, kama chetu, kingekuwa kazi ya bure hapo, maana nusu yake ingemezwa na sauti. Waliotunga kopla walijua zinakwenda kuimbwa vipi, na wakaweka kina mahali ambapo kitasikika.

Hesabu ya silabi nayo ina mambo yake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, kwa hiyo nane yetu ni nane daima. Kihispania kina maneno yanayokaza silabi ya mwisho kabisa, na mshororo ukiishia na neno la aina hiyo huongezewa moja katika hesabu: unasikia saba, unaandika nane. Neno soleá lenyewe ni la kundi hilo. Ni soledad, upweke, lililopita kinywani mwa Waandalusia likatoka bila d zake mbili. Tena irabu ya mwisho wa neno ikikutana na irabu ya mwanzo wa neno linalofuata, kwa kawaida humezana zikawa silabi moja, wakati mizani yetu huhesabu kila irabu peke yake. Na matamshi ya Andalusia ni ghala zima la inkisari. Para, "kwa ajili ya", ni silabi mbili. Pa ni moja. Todo, "yote", inakuwa to. Waroma wa Uhispania, si watu wa mji wa Roma bali jamii inayojulikana huko kama Gitano, wana pia maneno ya lugha yao ya Caló yanayofanya kazi ya mazida. Mungu kwa Kihispania ni Dios, silabi moja. Kwa Caló ni undebé, tatu. Anayetunga kwa kinywa, bila kalamu, ana maneno mafupi na marefu ya kitu kilekile karibu na ulimi, na anachukua linaloziba pengo.

Nifungue mabano kidogo. Ukiitaja Andalusia mbele ya watu wa pwani, hakosekani wa kusema kwamba huo ni urithi wa Waarabu. Naelewa mvuto wa wazo hilo. Zajali, aina ya mashairi ya Kiarabu, za Ibn Quzman wa Córdoba, aliyefariki mwaka 1160, zina ubeti wenye vina vitatu vinavyofanana, na cha nne kinachorudi kila ubeti mpaka mwisho, mpango ambao aliyesoma utenzi hata mmoja ataufahamu papo hapo. Kufanana huko kunastahili makala yake. Lakini kopla ya flamenko haina mpango huo. Silabi nane, kina cha irabu kwenye mshororo wa pili na wa nne, mingine huru: hiyo ni sura ya romance, zile tenzi za masimulizi za Kastilia, katikati ya Uhispania, iliyokatwa vipande vidogo. Juu ya melodia na mapambo ya sauti watu wabishane hadi alfajiri. Kwenye ubeti, mimi naona Kastilia.

Tofauti ni kwamba romance ilisimulia, na kopla haisimulii. Hili huwatatiza sana wasikilizaji wapya. Mwimbaji anakaa kitini, anaimba kopla ya kwanza juu ya mama aliyefariki. Gitaa linajibu. Kopla ya pili ni ya mwanamke aliyempa kisogo. Ya tatu ni nasaha juu ya fedha na marafiki. Ya nne, gereza. Mtu anauliza: kisa kiko wapi? Hakipo. Kinachoziunganisha ni aina ya wimbo wenyewe, mapigo yake, ngazi yake ya sauti, na hali ya moyo inayokuja nayo. Ndani ya soleá kuna melodia nyingi, na wajuzi huziita kwa jina la mahali au la mtu: ya Alcalá, ya Triana, ya La Serneta. Mwimbaji huanza na zile za chini zinazompasha koo moto, akapanda taratibu hadi zile zinazodai kifua. Melodia ndizo zenye majina na nasaba. Maneno anaweza kuyabadilisha, na mara nyingi anayachagua palepale kitini, hata mpiga gitaa hajui kopla gani inakuja.

Zaidi ya hapo, kopla moja ya silabi nane leo utaisikia kwenye soleá, kesho kwenye bulerías, keshokutwa kwenye tangos. Maneno ni yaleyale, uzito si uleule. Kwenye bulerías, iendayo mbio, "taa yangu imezima" inaweza kuwa mzaha wa mtu aliyelewa anayeutafuta mlango wake mwenyewe. Kwenye soleá ni kilio. Kama maana ya ubeti ingekuwa yote ndani ya maneno, jambo hilo lisingewezekana.

Mwaka 1881, huko Sevilla, Antonio Machado y Álvarez, aliyejiita Demófilo, baba wa washairi Antonio na Manuel Machado, alichapisha mkusanyo mkubwa wa maneno ya nyimbo za flamenko. Aliyapanga kwa umbo lake: soleá za mishororo mitatu, soleá za minne, seguiriya, martinete na nyinginezo. Kazi ile naiheshimu kwa moyo wote, maana bila yake kopla nyingi zingezikwa pamoja na waliozijua. Lakini santuri zilikuwa hazijafika, na kitabu hakina sauti. Kikajenga mazoea ambayo hayajatutoka hadi leo, ya kuiona kopla kuwa shairi dogo lililokamilika, na sauti kuwa gari tu la kulibebea.

Sasa tuiingie sauti yenyewe.

Soleá huenda kwa mzunguko wa mapigo 12, ambao Wahispania huuita compás. Mkazo uko kwenye pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Piga kofi ujaribu: moja mbili TATU, nne tano SITA, saba NANE, tisa KUMI, kumi na moja KUMI NA MBILI. Hatua mbili ndefu, tatu fupi. Kwa kawaida mshororo mmoja hukaa ndani ya mzunguko mmoja. Silabi ni nane na mapigo ni 12, na ile ziada ndiyo uwanja wa mwimbaji. Atachelewa kuingia. Ataziswaga silabi tano kwa haraka ili ya sita aikalie. Atamaliza neno kabla ya pigo la 10 na kuliachia gitaa lifunge. Mshororo ulioimbwa hivyo hauitwi tena mshororo, unaitwa tersio, na mtu wa flamenko akisifu au akilaumu, anasifu na kulaumu tersio: jinsi ulivyofungwa, jinsi ulivyounganishwa na unaofuata kwa pumzi moja, jinsi ulivyokatwa.

Seguiriya hutumia duara lilelile la mapigo 12, ila inaanza kuhesabu kutoka pale soleá inapoita la nane. Kwa hiyo unapata fupi, fupi, ndefu, ndefu, fupi. Wanaoicheza huhesabu tano tu, tano zisizolingana, na mgeni huyumba hapo siku nyingi kabla mwili haujazoea. Ubeti wake nao hautulii. Una mishororo minne: silabi sita, sita, kumi na moja, sita. Nimejaribu kwa lugha yetu:

Kengele ya jela,
wamenifungia;
mama usije hapa kwenye nondo,
ita, nasikia.

Utazame mshororo wa tatu. Sikio limeshazoeshwa sita, na linangoja sita nyingine. Badala yake mshororo unavimba hadi kumi na moja, na hauendi moja kwa moja, una mpasuko baada ya silabi ya tano: "mama usije", kisha "hapa kwenye nondo". Kisha sita za mwisho zinakuja fupi, kama mlango unaofungwa. Kwangu mimi huu ndio ubunifu mkubwa kuliko wote katika beti za flamenko. Mahali ambapo mtu anayelia angeishiwa pumzi, ubeti umeshamtengenezea pa kuishiwa.

Na haya si maumivu ya kubuni. Gereza katika kopla za Wagitano lilikuwa gereza. Mwaka 1749, chini ya mfalme Fernando VI, serikali ya Uhispania ilikamata Waroma wa nchi nzima kwa mpango mmoja, wanaume wakatenganishwa na wake na watoto, wengine wakabaki kazi za shuruti kwa miaka mingi. Kopla haitaji mwaka wala jina la mfalme. Inamtaja mama, mare kwa matamshi ya huko, na kengele, na mlango.

Seguiriya huanza na "ay" ndefu kabla ya neno lolote. Mwimbaji analia kwanza, ndipo aseme anachokililia. "Ay" hiyo haipo kwenye karatasi na haihesabiwi popote, lakini ndiyo inayoweka ngazi ya sauti, inayompima mpiga gitaa kama yuko naye, na inayowanyamazisha waliokuwa wanazungumza. Halafu maneno yanakuja yakielea juu ya mapigo. Mshororo mmoja unaweza kuchukua mizunguko miwili, mitatu. Mpiga gitaa anaendelea kuhesabu tano zake, macho yako kwenye mdomo wa mwimbaji, na anabadilisha kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, pale tu sauti inapotua. Nimewahi kusikia neno mare likikatwa pawili: ma, kimya, pumzi iliyosikika kabisa kwenye kipaza sauti, kisha re iliyotoka kama kitu kilichodondoka mkononi. Mhariri wa mashairi angeita kosa. Waliokuwa ukumbini walitoa sauti kutoka kifuani, si kelele, mguno wa watu waliochomwa pamoja.

Fandango ni habari nyingine, na hapo ujenzi unaonekana wazi kuliko popote. Kopla ina mishororo mitano, lakini huimbwa kwa tersio sita. Neno tersio asili yake ni theluthi, na hapa ziko sita. Lugha za mafundi ndivyo zilivyo. Ya sita inatoka wapi? Inatoka kwa kurudia. Mara nyingi mwimbaji anaanza na mshororo wa pili, halafu anarudi wa kwanza, kisha wa pili tena, wa tatu, wa nne na wa tano. Kopla ikiwa ya mishororo minne, wa kwanza hurudi mwishoni kukamilisha idadi. Fikiria maana yake: msikilizaji anapewa jibu kabla ya swali. Anasikia maneno ambayo hayajashika bado, yanaelea, kisha wa kwanza unakuja kuyapa miguu, na yanaporudi mara ya pili si maneno yale tena. Mtunzi mzuri wa fandango anajua hilo, na mshororo wake wa pili anautunga uweze kusimama peke yake mlangoni.

Gitaa nalo lina lake. Kabla ya sauti kuingia, gitaa linazunguka ile ngazi ya Kiandalusia, la, sol, fa, mi, inayoteremka na kutulia mi. Mi ndiyo nyumbani. Mwimbaji akiingia, muziki unahama nyumbani mara moja, unakwenda do, penye mwanga. Tersio ya kwanza inatua do, ya pili fa, ya tatu do, ya nne sol, ya tano do tena. Ya sita inaanza kama nyingine, inagusa fa, kisha inateremka hatua moja hadi mi. Kwa tersio tano umekuwa safarini juani. Kwenye ya sita jua linazama kwa hatua moja ya sauti. Ndiyo maana mshororo wa mwisho wa fandango, hata ukiwa na maneno ya kawaida kabisa, huanguka kwa uzito. Uzito huo umo kwenye ile fa inayogeuka mi, na aliyetunga mshororo wa tano alijua utaangukia hapo.

Mifupa hiyo ya tersio sita imebeba miili mingi. Kule Alosno, katika jimbo la Huelva, ni wimbo wa mapigo wa kuimbwa na kundi la watu. Mwimbaji Antonio Chacón (1869–1929) aliichukua katika malagueña, isiyo na mapigo ya kuhesabika, akaitanua hadi kila tersio ikawa jengo la peke yake. Kwenye machimbo ya mashariki, Almería na La Unión, imekuwa taranta ya wachimbaji, yenye sauti inayotambaa kana kwamba inatafuta njia gizani. Ukiandika maneno ya hizo tatu, hutaweza kuzitenganisha kwa macho.

Aina nyingine nazipita upesi. Sevillanas na serrana zinatumia mpango wa saba, tano, saba, tano, ambao ni wa zamani na wa kuchezeka. Alegrías za Cádiz hufungua na "tirititrán" isiyo na maana yoyote ya kamusi, na hubandika vijibeti vifupi mwishoni mwa kopla ili mchezaji apate pa kuongeza kasi. Ni nyimbo ninazozipenda. Hoja yangu tu haizihitaji sana.

Inazihitaji zaidi zile nyakati washairi wa vitabuni walipoingia. Katika miaka ya 1960 na 1970 Francisco Moreno Galván, mchoraji na mshairi wa La Puebla de Cazalla, alimtungia mwimbaji José Menese letra zenye malalamiko ya kisiasa, dikteta Franco akiwa bado madarakani. Hakubadili umbo hata kidogo. Tathlitha zilibaki tathlitha, sita-sita-kumi-na-moja-sita ilibaki hivyohivyo, na maneno mapya yakavunjika midomoni mwa Menese kama yalikuwa yamevunjwa na babu zake. Zikafaulu. Mwaka 1979 mwimbaji Camarón de la Isla alitoa albamu iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya mashairi ya Lorca, pamoja na gitaa la besi na ngoma, na mashairi yale yalibidi kukatwa, kurudiwa na kupangwa upya ili yapate tersio. Wengi walikasirika wakati ule, na albamu haikuuzika. Kuna waliosema shairi limeharibiwa. Mimi nasema pale yalipokatwa vizuri ndipo yanapoimba, na pale yalipoachwa marefu, kwa heshima ya mshairi, sauti kubwa kuliko zote za kizazi chake inasikika ikisoma.

Kwa hiyo naona uchungu kila ninapokuta maneno ya soleá yamepangwa chini ya video mistari mitatu safi, imenyooka, haina "ay", haina marudio, haina pumzi. Anayesoma anadhani ameelewa kwa sekunde nane, kisha anashangaa kwa nini huyu mama amekaa dakika nzima anahangaika na sentensi ndogo kama ile. Andikeni kilichoimbwa. Wekeni tersio kama zilivyotoka, na mahali pa gitaa pawe na nafasi. Si kazi kubwa. Ile kopla yangu ya mlango, ikipata mwimbaji wa kweli, nadhani ingekuja hivi:

Ay, aay…
mlango… mlango sikuu…
mlango sikuufunga,
taa yangu imezima.

(gitaa, mzunguko mmoja)

Taa yangu, mama, imezima,
ni upepo… ay,
ni upepo umekuja.

Kwenye "ni upepo" ya kwanza sauti ingepanda hadi do, mahali pa mwanga, na kukatika hapo. Kwenye ya pili ingeshuka la, sol, fa, mi, silabi "ku" ikibeba karibu mteremko wote, na "ja" ikiachwa ianguke kabla tu ya pigo la 10. Wanaojua wananyamaza hadi hapo. Olé yao inakuja baada ya "ja", ndani ya yale mapigo mawili yaliyobaki, kabla gitaa halijaanza tena.